Hati ya Kumkamata Gisiri

Phelesia alikuwa amejiapia kwamba hatalia siku ya rapar ya mumewe, na kufikia saa tano asubuhi kiapo kilikuwa bado kizima, ingawa si kwa ushujaa wake. Usingizi ndio uliomsaidia. Rapar ni siku ambayo Waluo hukusanyika kumkumbuka marehemu, machozi yakiwa yamekauka na kuku wakiwa wamenona, na mwaka ule wa 1969 hakuna mtu wa Homa Bay aliyetaka kuikosa rapar ya Wakili Javan Osumba. Walijaa uani tangu umande haujakauka. Lakini sasa wakili mmoja mnene kutoka Nairobi alikuwa ameshika kipaza sauti, akiwasomea kwa Kiingereza habari za London: chuo alikosomea Javan, majaji aliokula nao chakula cha usiku, wigi la manyoya ya farasi alilovalishwa. Wazee wa Oyugis waliokaa mstari wa pili walikuwa wamelala wote, kofia mapajani, kwa heshima kubwa.

Phelesia alimsikiliza huyo mtu anayesifiwa na hakumtambua. Javan wake alikuwa akivua viatu chini ya meza ya mahakama kwa sababu vidole vyake havikupenda kufungwa. Alikuwa akibishana na wauza samaki gatini nusu saa nzima kuhusu bei ya ngege mmoja, kisha akalipa bei ileile aliyotajiwa mwanzo, akisema kwamba alikuwa akinoa ulimi tu. Alikuwa akicheka kabla ya kumaliza kichekesho chake mwenyewe, hivi kwamba vichekesho vyake vingi havikuwahi kufika mwisho. Mtu huyo hakuwamo katika karatasi za wakili wa Nairobi.

Lakini si hilo lililomnyima raha. Lililomnyima raha lilikuwa limeketi upande wa kulia, limevaa suti ya kijivu: James Machuki, kijana wa Kisii ambaye Javan alimfundisha kazi, na ambaye tangu Javan afe ndiye aliyekuwa akifungua ofisi ya vyumba viwili karibu na gati. James alikuwa amekuja na shangazi yake Kemuma, mama wa maungo makubwa aliyemlea tangu utotoni. Ijumaa iliyopita alikuwa amemwendea Phelesia na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba amepata kazi Nairobi na kwamba leo, mbele ya watu, ataaga.

Phelesia hakuweza kumkasirikia. Alijua kijana alivyoteseka. Kila mtu aliyesukuma mlango wa ofisi ile alichungulia juu ya bega la James na kuuliza, "Mzee yuko wapi?" Akiambiwa mzee amefariki, alitoa pole, akaketi, akamsimulia James jinsi mzee alivyokuwa hodari, kisha akaondoka na kesi yake mkononi kama alivyokuja nayo. James alisema amechoka kuwa mlinzi wa kaburi. Na Zadock, mdogo wake Javan, ambaye hapendi kuona mlango umefungwa bila faida, alikuwa amekwisha mpata mwenye duka la magodoro wa kuvichukua vyumba. James akiondoka, watu wa Homa Bay na Migori wangelazimika kumfuata wakili Kisumu au Kisii, na Phelesia aliwajua watu wake: wengi wangeanza safari hiyo na kuishia njiani, wakamwachia jirani shamba.

Alikuwa ametunga maneno ya kumsihi James abaki. Kila alipoyajaribu kimoyomoyo yalitoka kama kilio, na yeye alikuwa ameapa.

Ndipo alipomwona Wegesa, mteja wa zamani wa Javan. Bibi huyo alikuwa ameingia kwa mlango wa ng'ombe, mkongojo mkononi, vumbi la barabara ya Isebania mpaka magotini, na nyuma yake mwanamke wa makamo aliyebeba kikapu cha mtama. Walikuwa wamepanda lori la mahindi hadi Migori, wakalala kwa watu, wakapanda jingine. Phelesia aliinuka akaenda kuwalaki. Wegesa alimshika mikono yote miwili na kumwambia, kwa kile Kiswahili cha mpakani kilichojaa harufu ya mnada, kwamba hakuja kula. Alikuja kusema.

Zadock, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa sherehe na ambaye alikuwa amevaa saa mpya kwa ajili ya kazi hiyo, aliposikia alimvuta Phelesia kando.

"Nyar Sindo," alisema. Alimwita kwa mahali alikozaliwa, kama wafanyavyo mashemeji wanapotaka kukataa kwa utamu. "Huyu bibi atasema nini mbele ya pasta? Atasema mwanamke alimwoa mwanamke. Na kipaza sauti hiki kinasikika mpaka sokoni."

"Ndiyo maana nataka akishike, shemeji. Sokoni nako kuna watu."

"Ratiba imejaa."

"Itapungua. Yule wa Nairobi akigeuza ukurasa, mpigie makofi."

Zadock alisema hawezi kufanya utovu wa adabu kama huo. Basi ukurasa ulipogeuzwa Phelesia alipiga makofi mwenyewe, na wazee wa Oyugis, walioshtuka usingizini na kudhani hotuba imekwisha, wakapiga ya kwao kwa moyo wa shukrani, na uwanja mzima ukafuata. Wakili wa Nairobi akatabasamu, akainama, akaketi. Phelesia akachukua kipaza sauti na kusema kwamba sasa atasimama shahidi.

Wegesa hakukitaka kipaza sauti. Alikisogeza mbali kama mtu anayemfukuza mbuzi, na sauti yake ikafika bila msaada.

Alianza kwa kujieleza. Yeye ni Mkuria, alisema, na Mungu alimpa mume mzuri, akampa ng'ombe, akamnyima mtoto wa kiume. Kwao, mwanamke wa namna hiyo hakai akilia mpaka nyumba imwangukie. Anatoa ng'ombe wake mwenyewe na kuoa mkaza mwana, mke wa yule mwana ambaye angezaliwa. Mke huyo akipata watoto, ni wajukuu wa nyumba ile, na aliyemtia mimba ni mpita njia. Mwana mwenyewe hakuzaliwa, lakini jina anapewa, kwa sababu mwanamke hawezi kuolewa na mtu asiye na jina.

"Wangu anaitwa Gisiri," alisema Wegesa. "Na mke wake ni huyu hapa, Nyaboke. Msalimieni."

Watu walimsalimia mke wa Gisiri. Pasta naye akamsalimia, na Zadock akatazama saa yake.

Phelesia aliijua hadithi hiyo kama anavyojua njia ya kisimani, kwa kuwa alikuwapo. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nyaboke alikuwa na rafiki aitwaye Maroa, na kwa rafiki huyo alipata mabinti. Mabinti wakakua, wakaanza kutazamwa na watu wenye ng'ombe, na Maroa akakumbuka ghafla kwamba yeye ni baba. Alikwenda kushtaki serikalini kwamba bibi mmoja amewaficha watoto wake. Wakati huo palikuwa na hakimu mzungu wa kuzunguka, aliyekuwa akisikiliza kesi katika banda la mnada wa ng'ombe upande wa Migori, na mkalimani wake alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kitamu kama halua, ila mila za Wakuria hakuwahi kuzisikia.

Siku ya kwanza ya kesi Wegesa hakuwa na wakili. Hakimu alimwuliza Nyaboke kama ana mume. Nyaboke akajibu kwamba anaye. Jina lake? Gisiri, mwana wa Wegesa. Hakimu akaridhika, akasema basi mume huyo ndiye wa kutueleza watoto ni wa nani, aletwe. Karani akaandika samansi, ikapigwa mhuri, ikakabidhiwa askari.

"Askari wakaja kwangu," Wegesa alieleza. "Nikawapa uji. Wakauliza, Gisiri yuko? Nikasema hayuko. Wakauliza, amekwenda wapi? Nikasema hajakwenda mahali. Wakauliza, atarudi lini? Nikasema, wanangu, huyo hawezi kurudi. Wakatazamana. Wakamaliza uji, wakaandika kwamba ametoroka."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wanawake waliokuwa jikoni, ambao walikuwa wameacha vyungu na kusogea. Wegesa alingoja kiishe. Akaeleza jinsi hakimu alivyokasirika na kutoa hati ya kumkamata Gisiri kwa kuidharau mahakama. Askari walimtafuta Isebania. Walivuka hata Sirare, ng'ambo, upande wa Tanganyika, wakauliza kwa adabu, kwa maana ile ilikuwa nchi ya watu. Na kwa kuwa mtu anayetafutwa na serikali hakosi kuonekana, Gisiri alionekana. Mwenye mkahawa mmoja alisema alimpa chai juzi. Mchunga ng'ombe alisema ni mrefu, ana mwanya. Mwanamke mmoja wa Sirare alisema akimpata atamfundisha adabu, maana alimwahidi ndoa.

Hapo pasta alitoa leso akajifunika uso, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Phelesia aliikumbuka siku Wegesa alipofika Homa Bay kumtafuta Javan. Javan alimsikiliza akiwa ameketi wima, kalamu mkononi, na bibi alipofika kwenye uji ile kalamu ikaanguka. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha ghafla akamwuliza bibi swali moja tu, na Phelesia, aliyekuwa akiwamiminia chai, alimwona usoni akibadilika kama mvuvi aliyehisi wavu ukivutwa. Aliuliza ni nani aliyewaongoza askari kumtafuta Gisiri.

Wegesa alijibu kwamba ni Maroa.

Na Maroa angefanya nini? Askari walipomtaka awaonyeshe njia, wazee wa ukoo walikuwa wamesimama pale pale. Kusema mbele yao kwamba Gisiri hayupo ni kuitukana nyumba ya Wegesa, na hakuna Mkuria mwenye akili timamu angelisema neno hilo akiwa na haja ya kuoza mabinti katika nchi ile. Kwa hiyo Maroa alitangulia mbele, akawaongoza kutoka kilima hadi kilima, akiita.

Siku ya kesi banda la mnada lilifurika. Javan alikuja na joho lake jeusi, viatu akavivulia chini ya meza, na badala ya kufungua vitabu akamwita Maroa. Wegesa sasa aliigiza sauti zote mbili, ile nyororo ya wakili na ile nzito ya Maroa, na uwanja ukatulia.

"Bwana Maroa, karatasi za mashtaka yako zinasema Nyaboke hana mume?"

"Zinasema."

"Umepata kwenda Sirare hivi karibuni?"

"Nimekwenda."

"Ulifuata nini?"

Wegesa alikuna kichwa, kama Maroa alivyokuna. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mume wa Nyaboke."

Watu walilipuka. Wazee wa Oyugis waligongana mabega. Hata yule wakili wa Nairobi, aliyekuwa akitafsiriwa Kiswahili cha mpakani na jirani yake, aliruka kitini kabla tafsiri haijaisha. Phelesia alijikuta anacheka kwa sauti, mkono kifuani, na hakujua tangu lini hajacheka hivyo.

Yaliyobaki Wegesa aliyamaliza haraka, kama mtu anayefunga zizi ng'ombe wote wakiwa ndani. Javan alimgeukia hakimu na kumwambia kwamba Gisiri hakuidharau mahakama hata kidogo. Kosa lake ni moja tu, hakuzaliwa. Lakini mahakama yenyewe imemtaja kuwa mume wa Nyaboke, imemwita kwa jina hilo, imepiga mhuri, imemtafuta katika nchi mbili. Basi mheshimiwa achague. Ama aseme Gisiri si mume, na nchi nzima ijue kwamba serikali ya malkia imekuwa ikimkimbiza mtu asiyekuwapo. Ama hati ifutwe kimyakimya, Gisiri abaki na mke wake, na watoto wabaki nyumbani kwao. Hakimu aliwatazama askari. Askari walitazama viatu vyao. Mwishowe mzungu yule, uso mwekundu kama nyanya, alianza kucheka, na alipomaliza akafuta hati, akafuta na mashtaka ya Maroa.

"Huyo ndiye wakili ninayemjua mimi," Wegesa alisema. "Wa London simjui." Na kabla makofi hayajaisha akainua mkongojo. "Sasa nauliza. Nyumba ya wakili ina nani?"

Zadock, akiona kwamba swali limeelekezwa kwa wenye boma, alijibu kwa heshima kwamba nyumbani yuko shemeji yake Phelesia na binti zake, na kwamba ofisi, kwa bahati mbaya, itafungwa mwisho wa mwezi, kwa sababu Bwana Machuki anahamia Nairobi.

Wegesa alimtazama kama anayesikia lugha ngeni. "Inafungwa kwa nini?"

"Mwenyewe amekufa, mama."

"Wangu hakuzaliwa," alisema Wegesa, "na nyumba yake haijafungwa."

Phelesia alihisi jambo likimpanda kutoka miguuni. Yale maneno yote aliyokuwa ametunga, ya kusihi na ya kukumbusha fadhila, aliyatupa, na hakutafuta mengine. Alikwenda mpaka kwenye kipaza sauti, akajifunga vizuri leso yake kiunoni, na kusema kwamba yeye, Phelesia, mwenye nyumba ya Javan Osumba, ana jambo la kutangaza.

"Naoa," alisema. "Namwoa James Machuki, aje kukaa katika ofisi ya mume wangu."

Kelele zilizofuata ziliwatoa kunguru mitini. James alikuwa amesimama bila kujua kama anatoka au anabaki. Uso wake ulijaribu kukasirika, ukashindwa. Aliponyamaziwa alisema, akimtazama Wegesa na si Phelesia, "Naomba kuelezwa kwanza, bibi. Katika ndoa hii mimi ni Nyaboke, au ni Maroa?"

"Nyaboke," alisema Wegesa papo hapo. "Maroa hula akaenda zake."

James alikubali kwamba hilo ni jibu. Lakini alikuwa wakili, na alifundishwa na Javan, kwa hiyo hakuketi. Aliuliza, sauti ikiwa chini sasa, na wote waliosikia walijua hafanyi mzaha, kama kesi atakazoshinda yeye, kwa jasho lake, zitaendelea kuitwa za Osumba. Na kama watu watakaofungua ule mlango wataendelea kumtafuta mtu mwingine nyuma ya bega lake.

Phelesia alimwelewa. Kwa mwaka mzima yeye mwenyewe, kila alipoingia ofisini kuleta chai, alikuwa amechungulia juu ya bega lile. Hakuwa amelijua hilo mpaka sasa.

"Mwanangu," alimjibu, "sisi Waluo mila hii hatuijui vizuri. Tunaweza kuikosea kidogo. Mlangoni tutaandika Osumba na Machuki. Na atakayeniuliza mzee yuko wapi, hata mimi nikijiuliza, nitamwambia mzee amekaa hapo, ana suti ya kijivu."

James alifungua mdomo, lakini hakuwahi. Shangazi Kemuma alikuwa amekwisha simama, na aliposimama Kemuma watu walimpa nafasi.

"Ngojeni," alisema. "Nani amesema tumekubali? Sisi Wakisii hatutoi mtoto hivihivi kama tunagawa vifaranga. Mmekuja na nani kuposa?"

Wazee wa Oyugis, ambao usingizi ulikuwa umewatoka kabisa, walijitokeza kuwa upande wa waoaji. Pasta akaombwa awe shahidi na akasema, akipangusa macho, kwamba haoni katika Maandiko pahali palipokataza kuoa wakili. Kemuma alidai mtamba wa ng'ombe, si wa kuuza, wa maziwa, kwa sababu kijana ana kifua chembamba. Alidai dari ya ofisi izibwe, inavuja. Alidai kwamba kijana asizuiwe kwenda Nairobi kununua vitabu, mradi arudi. Phelesia alikubali yote, akaongeza blanketi la shangazi. Kisha Kemuma alimgeukia James na kumwuliza, mbele ya umati, kama binti aulizwavyo siku yake, "Tule vitu vya watu hawa, au tuvirudishe?"

James Machuki alitazama chini. Alipoinua uso alikuwa anacheka.

"Kuleni," alisema.

Vigelegele vilianzia jikoni. Mwenye duka la magodoro, aliyekuwa amealikwa na Zadock na kupewa kiti cha mbele, aliuliza kwa unyonge vyumba vyake vitakuwaje, na Zadock akamwambia kwamba ratiba imebadilika. Nyaboke aliteremsha kikapu cha mtama, akakiweka miguuni pa Kemuma kama mchango wa upande wa waoaji, na Wegesa hatimaye akakubali kuketi na kupewa paja la kuku.

Phelesia alikuwa bado amesimama, akifuta uso, maana kiapo chake kilikuwa kimevunjika bila yeye kujua ni wakati gani, alipomwona mzee mmoja wa Oyugis amemshika James kiwiko. Alikuwa akimweleza, kwa mikono miwili, jinsi jirani yake alivyohamisha mpaka wa shamba hatua kwa hatua, kila msimu wa kulima. Hakuchungulia nyuma ya bega la mtu. James, sahani mkononi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Njoo Jumatatu asubuhi," alimwambia. "Na jirani yako mwambie aje pia. Lakini wewe utangulie, tupate la kumwuliza."

Kisha akainama, akavua kiatu kimoja kilichokuwa kikimbana, na kuendelea kula.